Chupa ya Kwanza, Chupa ya Pili

Walibisha saa kumi na moja na robo alfajiri,
wawili, na kisanduku cha baridi kama cha muuza aiskrimu.
Walianza kwa Mama Achitsa,
akadhani ni watu wa stima,
akazima taa zote akabana pumzi.

Wewe ulikuwa juu, chumba namba tisa,
katika saa uliyowaandikia kwamba utapatikana,
na ukapatikana, Wafubwa,
kaptura ya mazoezi, soksi moja.
Wakasema: tunaomba mkojo.
Ukasema: sina.
Wakasema: kunywa maji.
Na Kawangware hii maji huja Alhamisi, tena yakipenda.

Mimi nilikuwa nimefuata gurudumu la nyuma.
Nikakuta ngazi imejaa watu na mitungi,
huyu kikombe, yule nusu jagi,
jirani zako wakikunywesha
ili wageni wapate walichojia.
Saa mbili kasoro ukajaza.
Nyingine chupa ya kwanza, nyingine chupa ya pili,
vifuniko vikalia
kama mnyororo ukikaa kwenye jino.

Kufikia saa nne ploti ilikuwa na Wafubwa watatu.
Mmoja amechukuliwa na timu ya Ubelgiji,
na wale wawili ni madaktari wa timu.
Wa pili amenaswa, ni suala la karatasi tu.
Wa tatu anadaiwa na Sako.

Gathungu, anayeuza mayai na habari kwa bei moja,
aliuona mkataba kwa macho yake:
jezi ya kijani, nyumba, gari la kazini.
Jioni jezi ikawa ya bluu.
Nikamuuliza, na ile ya kijani?
Akasema, hiyo ilikuwa asubuhi.

"Lisemwalo lipo," wanasema vijana Dagoretti Kona,
kofia ngumu mapajani, chai ikipoa.
"Jumamosi, mlima wa Kibiku, alituacha anapumua kwa pua.
Mwaka jana alikuwa nyuma yangu. Nyuma yangu mimi!"
Nami nainama kukaza breki ambayo haijalegea.

Kwa sababu nimeandika, ukutani, kwa chaki ya fundi.
Kibiku, mwaka jana: dakika ishirini na tatu.
Kibiku, mwezi huu: ishirini na moja na nusu.
Gia ni zilezile. Mnyororo nauosha mimi.
Nikatoa nusu dakika, nikayapa matairi mapya.
Nikatoa nusu nyingine, nikaupa usingizi,
maana siku hizi husambazi mikate usiku.
Ikabaki nusu dakika isiyo na mwenyewe.

Imeniingia kama mchanga ndani ya beringi.
Ukizungusha kwa mkono husikii kitu.
Panda, weka uzito, ndipo utaisikia.

Na kile kichupa katika begi la zana,
kimebanduliwa karatasi.
Ulisema ni dawa ya kuku wa mama.
Mama yako anafuga kuku, kweli. Nimewala.
Lakini sikumbuki kama nilikuuliza,
au ulijibu kabla sijauliza.

Leo umeniletea baiskeli:
"Fundi, nitolee hizi stika za timu."
Nimemwaga maji ya moto, nimekwaruza kwa ukucha,
jina la timu likaja vipande vipande,
herufi mbili za mwisho zikagoma.
Wanaosema unahama wataiona fremu tupu,
watasema, si tuliwaambia?
Wanaosema umefungiwa wataiona hiyohiyo fremu tupu,
watasema, si tuliwaambia?

Nilikutajia mia mbili.
Ukanipa mia tatu, hukungoja chenji,
ukashuka kuelekea Arobaini na Sita bila kupiga pedali.
Zamani ningesema, kijana ana moyo.
Sasa nimesimama mlangoni, mafuta mikononi,
naigeuzageuza hiyo mia ya ziada
kwenye mwanga.